Kifua cha Askari: Pumzi Haikui, Hufundishwa

Mpwa wangu alirejea Tanga kwa likizo baada ya miezi sita ya mafunzo ya uofisa huko Monduli, na alfajiri ya siku ya pili, kabla jua halijachomoza upande wa bahari wala mama wauza vitumbua hawajainjika vikaango vyao, alinigongea dirisha akanitaka nifuatane naye hadi kiwanja cha shule kilichopo nyuma ya mtaa wetu. Nikaketi juu ya mzizi wa mwembe nikamtazama akizunguka. Nyayo zake zilikanyaga vumbi kwa mwendo mmoja usiopanda wala kushuka, na kila aliponipita nilisikia pumzi zake zikiingia na kutoka kwa taratibu, kama mvuvi mzoefu avutaye kasia akijua kwamba safari bado ni ndefu. Alipomaliza alisimama mbele yangu, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viwiko, akaweka kiganja kifuani akasema: "Mjomba, mapafu yangu yamekua. Nilipoondoka hapa nilikuwa natweta kwa kupanda ngazi tu."

Furaha yake ilikuwa ya haki, na mimi sikutaka kuitia doa. Lakini kauli yenyewe, ambayo nimeisikia kwa makuruta wengi, kwa wazazi wao, na hata kwa baadhi ya walimu wa michezo, ina kasoro inayostahili kufafanuliwa, kwa kuwa juu ya kasoro hiyo hujengwa mazoea mawili mabaya: la kwanza ni kudhani kwamba kijana aliyeyadhulumu mapafu yake kwa moshi anaweza kuyanunua upya kwa jasho. La pili ni kudhani kwamba kadiri mkufunzi anavyozidisha ukali ndivyo kifua kinavyozidi kupanuka. Taifa letu lina haja ya kulijua jambo hili kwa yakini, maana tangu Jeshi la Kujenga Taifa lilipoasisiwa tarehe 10 Julai 1963, na hususan tangu mafunzo ya lazima yaliyositishwa mwaka 1994 yaliporejeshwa mwaka 2013, ni wengi walio na mtoto, mpwa au jirani aliyekimbia mchakamchaka wa alfajiri akiwa na buti miguuni na wimbo kinywani.

Na tuanze na mapafu yenyewe. Kifua cha mwanadamu ni sanduku la mbavu lililozibwa chini kwa kiwambo, yaani msuli mpana uliotanda baina ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, sanduku hupanuka na hewa huingia. Vikirejea mahali pake, hewa hutoka. Katika kazi hiyo yote mapafu ni mfuasi wala si kiongozi, kwa kuwa hayana msuli wa kuyavuta wala wa kuyasukuma, bali hufuata tu kule kifua kinakokwenda. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vya hewa, ambavyo vitabu vya bayolojia huviita viribahewa, na idadi yake si pungufu ya milioni 300; lau vingekunjuliwa vikatandazwa chini, vingeenea mahali pa mita za mraba zipatazo 70, eneo la nyumba nzima ya vyumba sita. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba kuliko karatasi yoyote, na huko ndiko oksijeni inakovuka kutoka hewani kuingia damuni.

Mtu aliyetulia kitini huvuta kiasi cha nusu lita kwa kila pumzi, mara 12 hadi 16 katika dakika, basi jumla yake ni lita sita au nane. Kijana mwenye siha akikimbia kwa nguvu zake zote huweza kupitisha lita 100 na zaidi katika dakika hiyo hiyo, na mabingwa wa mbio hupita lita 150. La kushangaza zaidi ni kwamba hata hapo anapodhani amefika mwisho wa pumzi, kijana wa kawaida huwa bado na akiba ya hewa ambayo kifua chake kingeweza kuivuta. Kinachofika mwisho kabla ya mapafu ni moyo, ambao hauwezi tena kusukuma damu zaidi ya ile unayoisukuma. Maumbile, kwa hekima yake, yalimjengea mwanadamu mapafu makubwa kuliko haja yake ya kila siku, kama baba ajengaye nyumba kwa kuwafikiria wajukuu.

Wa kwanza kuyapima mapafu kwa utaratibu wa ilimu alikuwa tabibu Mwingereza, John Hutchinson, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1846. Chombo chake, spiromita, kilikuwa ndoo iliyofudikizwa ndani ya maji, na mtu alipopuliza kwa mpira, ndoo ilinyanyuka na kipimo kikasomeka. Alipima watu zaidi ya 2,000, miongoni mwao mabaharia, polisi wa London, wazima moto, mabondia, askari wa vikosi vya ulinzi wa malkia, na makuruta wa Chatham. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza ilimu hii ilikua ikishikana mkono na jeshi. Kiasi cha hewa ambacho mtu huweza kukitoa baada ya kuvuta pumzi ya mwisho wa uwezo wake alikiita kwa jina lenye maana ya ujazo wa uhai, nasi hadi leo tunakipima hicho hicho. Akagundua kwamba ujazo huo hufuata kimo: kila inchi moja ya urefu huleta ziada ya inchi nane za ujazo, yaani mililita zipatazo 130. Akaongeza neno ambalo wapenda vifua vipana wangefaa kulitia akilini, kwamba mzunguko wa kifua upimwao kwa utepe hauwezi kutegemewa kumwambia mtu ujazo wa mapafu yaliyomo ndani.

Pamoja na hayo, majeshi yaliendelea kuupenda utepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Jeshi la Uingereza lilipeleka askari 12 kwa mwalimu wa mazoezi, Archibald Maclaren, mjini Oxford, ili wafundishwe kisha wawe walimu wa wenzao. Maclaren aliwapima uzito, mikono na vifua kabla na baada, na vipimo viliongezeka kwa namna iliyowafurahisha wakubwa. Ikawa ndiyo asili ya kitengo cha mazoezi ya viungo cha jeshi lile, na desturi yake ikaenea katika majeshi mengine. Lakini utepe ulikuwa ukipima misuli ya kifua na mgongo, wala haukuwa na njia ya kuyafikia mapafu. Kuta za ghala zikipigwa lipu nene, shehena iliyomo ndani haiongezeki kwa sababu hiyo.

Turudi kwa mpwa wangu. Kabla hajaondoka, nilimpeleka kwa sahibu yangu ambaye ni tabibu wa magonjwa ya kifua, na aliporejea nikampeleka tena, kwa kuwa nilikuwa na shauku ya kuona kwa macho yangu kile nilichokisoma. Spiromita ya siku hizi haina ndoo wala maji; ni chombo cha kushikwa mkononi, chenye mdomo wa karatasi ngumu. Tabibu alimkalisha wima, akambana pua kwa kibanio, akamwambia: "Vuta, vuta, vuta mpaka pasiwe na nafasi, haya, puliza kama unayetaka kuizima taa ya chumba cha pili, na usiache, usiache, endelea!" Kijana alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama na macho yakalenga machozi, na sekunde sita baadaye, alipodhani kwamba hakubakiwa na chochote, tabibu alikuwa bado akimhimiza. Akarudia mara ya pili, na ya tatu.

Kabla ya mafunzo, mpwa wangu alitoa lita 4.0. Baada ya miezi sita alitoa lita 4.1. Ziada yote ilikuwa mililita 100, kama finjani mbili za kahawa ya barazani, na tabibu akatuambia kwa upole kwamba hata hizo finjani mbili tusizishangilie mno, kwa sababu mtu mmoja akipuliza mara mbili katika saa moja, vipimo vyake huweza kuachana kwa mililita 150 na bado vikahesabiwa kuwa ni sawa. Na fauka ya hayo, mtu aliyewahi kupuliza mara moja huja mara ya pili akijua la kufanya, na misuli yake ya tumbo na mbavu ikiwa imepata nguvu. Mapafu yalikuwa ni yale yale.

Kijana alinyong'onyea. "Basi mjomba, ile pumzi niliyoipata imetoka wapi?" Swali hilo ndilo roho ya makala hii, nami namjibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyomjibu siku ile.

Pumzi aliyoipata imetoka kwanza moyoni. Moyo wa mtu asiyefanya mazoezi, akiwa ametulia, husukuma kiasi cha mililita 70 za damu kwa kila pigo. Ukizoezwa kwa mbio za masafa, chumba chake cha kushoto hupanuka na kujaa zaidi, na kila pigo hutoa damu nyingi kuliko zamani. Ndiyo maana mapigo ya mpwa wangu, ambayo kabla ya safari niliyahesabu 76 katika dakika aamkapo asubuhi, yalikuwa 58 aliporejea. Moyo wake ulikuwa ukifanya kazi ile ile kwa hatua chache, kama mpagazi mwenye nguvu abebaye kwa safari moja mzigo ambao mwingine huubeba kwa mbili. Wakati wa juhudi ya mwisho, moyo usiozoezwa husukuma lita zipatazo 20 katika dakika. Ule wa bingwa huweza kupita lita 30.

Imetoka pili damuni. Katika majuma mawili ya mwanzo tu ya mazoezi, maji ya damu huongezeka, na baadaye chembe nyekundu zichukuazo oksijeni nazo huongezeka. Imetoka tatu kwenye misuli ya mapaja na miguu, ambamo vishipa vyembamba huchipua kama mizizi ya mkoko matopeni, na zile tanuri ndogo za seli ziitwazo mitokondria huongezeka idadi na ukubwa. Mwanasayansi John Holloszy alionyesha mwaka 1967 kwamba misuli ya panya waliokimbizwa kwa majuma 12 ilipata uwezo wa kutumia oksijeni uliokaribia mara mbili ya ule wa panya waliokaa. Na vipimo vya misuli ya binadamu vilivyofuata vilikwenda njia hiyo hiyo.

Imetoka nne kwenye misuli ya pumzi yenyewe. Mtu anapokimbia kwa nguvu zote, kiwambo na misuli ya mbavu hula sehemu ya kumi au zaidi ya oksijeni yote itumiwayo na mwili. Basi misuli hiyo ikizoea kazi, hula kidogo kuliko zamani na kuchoka kwa kuchelewa, na kile kilichosalimika huenda miguuni. Kuruta wa juma la kwanza hutweta kwa pumzi fupi fupi za juu ya kifua, na sehemu kubwa ya hewa yake huishia kwenye koo na njia zisizo na viribahewa, ikarudi nje bila ya kufaa kitu. Kuruta wa mwezi wa tatu huvuta pumzi chache zilizo ndefu, na hewa hiyo ikafika panapotakiwa. Wala si bure kwamba mchakamchaka wetu huenda na nyimbo. Asiye na utulivu wa pumzi hawezi kuitikia wimbo huku akikimbia, na mkufunzi mwenye sikio huwatambua waliochoka kwa kuwasikia wakinyamaza, kabla hata hajawaona wakipunguza mwendo.

Haya yote hupimwa kwa kipimo kimoja kikuu: kiasi cha oksijeni ambacho kila kilo ya mwili huweza kukitumia katika dakika moja ya juhudi ya mwisho. Katika vita vya pili vya dunia, watafiti wa Harvard walibuni mwaka 1943 jaribio la kupanda na kushuka kibao cha inchi 20, mara 30 kwa dakika, kwa dakika tano, kisha mapigo ya moyo yakahesabiwa ili kuona yanarudi chini kwa haraka gani. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alileta njia iliyo sahali zaidi: mtu hukimbia dakika 12, umbali wake kwa mita hupunguzwa 504.9, na kinachobaki hugawanywa kwa 44.73. Jaribio hilo halihitaji ila kiwanja kilichopimwa na saa, ndiyo maana likaenea katika majeshi na shule za dunia nzima.

Kwa kanuni hiyo, mpwa wangu, aliyekimbia mita 2,300 kabla ya mafunzo na mita 2,650 baada yake katika kiwanja kile kile cha vumbi, alitoka kwenye mililita 40 akafika 48. Ziada hiyo ni moja ya tano ya uwezo wake wa zamani. Ziada ya mapafu ilikuwa moja ya arobaini, nayo yenye shaka. Msomaji akiziweka tarakimu hizo mbili katika mizani moja ataona ukweli wote wa jambo hili.

Atakaye ushahidi wa upande wa pili, yaani wa kuonyesha jinsi uwezo huu unavyopotea, na autazame utafiti uliofanyika Dallas, Texas, mwaka 1966. Vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa siku 20 bila kusimama, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukaporomoka kwa zaidi ya robo, kwa sababu kubwa kwamba mioyo yao ilikuwa sasa inatoa damu kidogo kwa kila pigo. Kisha wakazoezwa kwa kiasi cha siku 55, na kilichopotea kikarudi. Miaka 30 baadaye watu wale wale walipimwa tena, wakiwa wenye umri wa miaka 50, ikaonekana kwamba majuma matatu ya kitanda yalikuwa yamewadhuru zaidi kuliko miaka 30 ya uzee. Siha ni mali ya kupokea kila siku na kutumia kila siku. Haiwekwi akiba sandukuni.

Mintarafu ya Monduli, yapo mambo mawili ya kusema. Chuo cha mafunzo ya kijeshi kipo katika nchi ya juu ya mkoa wa Arusha, kwa mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako uzito wa hewa ni kama sehemu tano katika sita za ule wa pwani. Kijana wa Tanga au wa Mtwara afikapo huko hutweta siku za mwanzo, si kwa uvivu, bali kwa kuwa kila pumzi yake ina oksijeni kidogo kuliko aliyoizoea. Na baada ya majuma kadhaa mwili hujirekebisha, figo zikiuamuru uboho wa mifupa kutoa chembe nyekundu zaidi, ingawa athari hiyo ni ndogo kwa mwinuko huo na huwa na nguvu zaidi juu ya mita 2,000. Mkufunzi mwenye busara hulijua hilo, naye hamfananishi mtoto wa pwani na mtoto wa Mbulu katika juma la kwanza.

La pili ni kwamba nchi yetu imekwisha kuonyesha mahali ambapo kipaji, mwinuko na nidhamu ya askari hufika vikikutana. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, ikawa rekodi ya dunia. Juma Ikangaa, ofisa wa jeshi hilo hilo, alishinda mbio ndefu za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Wala hawakuyapata hayo kwa majuma machache ya ukali, bali kwa miaka ya mazoezi yaliyopandishwa daraja baada ya daraja.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na wakufunzi, kwa heshima ya kazi yao. Mazoezi humjenga kijana wakati anapopumzika baada ya kazi, na kazi isiyo na mapumziko hubomoa. Mfupa wa muundi uliopigishwa buti kwa masafa marefu kabla haujazoea huingia ufa. Mwili uliokimbizwa kwenye joto la mchana bila maji huwaka kwa ndani, na kiharusi cha joto huua askari mwenye nguvu kama kinavyomuua dhaifu. Kijana mwenye pumu huenda akabanwa kifua dakika tano au kumi baada ya kusimama, hasa katika hewa kavu ya baridi ya alfajiri, naye hufaa kutibiwa kabla ya kushutumiwa. Aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja naye ana haki ya kujulikana: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 juu ya askari weusi karibu 48,000 wa Jeshi la Marekani ulionyesha kwamba, pale tahadhari za maji, mapumziko na kupandisha kazi polepole zilipofuatwa kwa wote, wenye hali hiyo hawakufa zaidi ya wenzao, ijapokuwa hatari ya kuharibika misuli kwa juhudi kali ilikuwa kubwa zaidi kwao kwa asilimia 54. Na afisa mwanafunzi wa kike, ambaye kwa kimo kile kile ana mapafu madogo na njia nyembamba za hewa kuliko za ndugu yake wa kiume, hupata faida ya mazoezi kwa kiwango sawa na yeye. Hivyo apimwe kwa hatua alizopiga kutoka pale alipoanzia.

Sasa nataka tufike kwenye jambo ambalo kwalo niliishika kalamu. Ikiwa mazoezi ya ukubwani hayayakuzi mapafu, basi mapafu hukuzwa lini? Jawabu ni kwamba hukuzwa utotoni na katika ujana wa mwanzo. Waogeleaji walioanza mazoezi wakiwa watoto huonekana kuwa na mapafu makubwa kuliko wenzao, na watu waliozaliwa na kukulia katika milima mirefu ya Andes wana vifua vikubwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba nyumba ilikuwa ingali inajengwa. Ujenzi huo hukoma baina ya miaka 20 na 25, yaani katika umri ule ule ambao kijana huvishwa sare ya uofisa. Na baada ya hapo kila mwaka hupunguza kidogo, mililita 25 au 30 kwa mtu asiyevuta sigara. Utafiti wa Fletcher na Peto juu ya wanaume wa London, uliotangazwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba wavutaji ambao miili yao hudhurika kwa moshi hupoteza kwa kasi zaidi. Wakiacha, kasi hurudi kuwa ya kawaida, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mkufunzi wa Monduli hupokea kifua kama kilivyotoka kwetu sisi wazazi, na hana kwata wala mbio za kuongeza chumba katika nyumba ambayo fundi amekwisha kuifunga.

Asubuhi ile, tuliporudi kutoka kiwanjani, tulimkuta dada yangu, mama yake kijana, amechuchumaa jikoni akipuliza kuni mbichi, na moshi umetanda chini ya makuti hata nyuso hazitambulikani vizuri. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake wa miezi minane, aliyelala, na kila baada ya kitambo mtoto alikohoa kikohozi kidogo kikavu pasipo kuamka. Kijana wetu alisimama mlangoni, kifua chake chenye afya kikipanda na kushuka, akamtazama mtoto yule kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Shikamoo mama, nipe huyo mtoto nimtoe nje." Akamchukua mpaka barazani akamkalisha penye upepo wa bahari, na jioni yake tukachangishana, yeye, mimi na baba yake, tukanunua mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili.

Kaya nyingi za nchi yetu bado hupikia kuni na mkaa, na serikali imejiwekea, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Tanzania kadhalika imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, maradhi ambayo huacha makovu ndani ya pafu hata baada ya kupona. Mambo haya huamua pumzi ya askari wa kesho kabla hajapewa namba ya jeshi.

Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye mtoto, mtoe jikoni penye moshi leo, hata kama uwezo wa gesi bado hujaupata. Mpikie penye hewa, na abebwe mgongoni na mtu mwingine wakati chungu kiko motoni. Ewe kijana unayengoja barua ya kuitwa kambini, iache sigara kabla ya kuanza mbio, na anza mbio kabla ya kuitwa. Na yeyote mwenye kikohozi kilichopita majuma mawili, aende hospitali akapimwe makohozi. Kipimo hicho na dawa zake hutolewa bila malipo.